Kamanda Aingia Mwaka wa Kwanza

Habari iliyotuharibia asubuhi ilitoka kwenye simu ya Muhammad, ambayo kioo chake kimepasuka tangu tumjue, ingawa kazi yake ni kubadilisha vioo vya simu. Alikuwa ameketi kwenye kreti mbele ya meza ya Léocadie, hapa Yeoville, Afrika Kusini, Mtaa wa Rockey. Akapandisha miwani na kusoma kwa sauti ya taarifa ya habari:

"Wakuu wa vyuo wasikitika. Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hawafiki mwaka wa pili."

"Wanaenda wapi?" akauliza Ignace.

"Haijasemwa."

"Non, non. Mtu hawezi kupotea hivihivi. Kutoka mwaka wa kwanza mpaka wa pili kuna kilometa ngapi?"

Ignace ni fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Tunamwita Sentimita, kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata kanisani. Muhammad ni mtu wa Mombasa na jina lake la kijiweni ni Chaji. Mimi naitwa Redio, na sioni sababu. Léocadie, mama wa Goma anayetupikia chai na maandazi, hana jina la utani. Aliyejaribu kumpa alikunywa chai ya baridi mpaka alipoomba radhi.

"Ni simu," Muhammad akatoa hukumu. "Watoto wanakesha kwenye simu. Akiingia darasani, macho mekundu, kichwa kitupu."

"Na nani anawatengenezea hizo simu?"

"Mimi. Kwani ungependa nizungumze jambo nisilolijua?"

"Ni Kiingereza," akasema Ignace. "Mtoto amezoea Kiingereza cha mtaani, kile cha fulana. Anaingia chuoni anakuta Kiingereza cha suti. Kinambana kwapani. Hawezi kuinua mkono aulize swali."

"Juu ya nini munatafuta mbali?" Léocadie aliuliza bila kuacha kukanda unga. "Ni njaa. Mutoto anaenda masomo bila kukula. Mwalimu anasema, yeye anasikia tumbo."

Akasogeza sahani ya maandazi mbele kidogo. Tukaona kwamba kila tatizo la elimu ya juu lina dawa inayouzwa hapohapo tulipokaa, isipokuwa Kiingereza, na Ignace akasema suti iliyokatwa vizuri ni nusu ya Kiingereza.

Aliyekuwa kimya ni Dismas. Dismas tunamwita Kamanda, kwa kuwa ni mlinzi wa geti kwenye mtaa mmoja wa matajiri huko kaskazini mwa jiji. Ni Mtanzania wa Morogoro. Alimwoa binti wa wakimbizi wa siasa wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi Mazimbu, na uhuru ulipopatikana wakwe wakarudi kwao, mke akawafuata, naye akamfuata mke. Hiyo ndiyo siasa yake yote. Ana ndevu zilizoanza kuwa nyeupe na tangu Februari ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sosholojia katika chuo kikuu kimoja mjini. Usiku analinda, mchana anasoma, na analala saa ngapi hajawahi kutuambia. Anasoma darasa moja na binti yake Eva. Waliomba wote wawili mwaka uleule, wakakubaliwa wote wawili. Kamanda aliona ni baraka. Eva alisema tu kwamba ukumbi ni mkubwa.

"Kamanda," Muhammad akamgeukia. "Wewe ndiye shahidi wetu. Sema, huko wanapoteaje?"

Kamanda akafungua begi, akatoa insha yake ya kwanza iliyosahihishwa, akaiweka mezani. Ignace akaipindua.

"Thelathini na nane."

"Juu ya hamsini?" nikauliza.

"Juu ya mia," akasema Kamanda.

Tukanywa chai.

"Swali lilikuwa nini?" Muhammad akauliza taratibu, kama anavyomuuliza mteja simu ilianguka kutoka wapi.

"'Jamii ni nini? Jadili kwa mfano wa mahali unapopafahamu.'"

"Na ukajibu?"

Kamanda akaishika insha kwa mikono miwili. Ameandika kwa Kiingereza, lakini alitusomea kwa Kiswahili:

"'Nilifika katika jamii nikiwa na afya njema na sare kamili. Niliizunguka jamii yote. Milango ilikuwa imefungwa. Mbwa wawili walionekana, wakaondoka wenyewe. Mtu mmoja alisema amekuja kwa shangazi yake, nikampigia shangazi simu, akakubali. Hakuna tukio jingine. Jamii nimemkabidhi mwenzangu ikiwa salama.'"

Akaikunja.

"Kosa liko wapi sasa?" Ignace alifoka. "Jamii iko, shangazi iko, mpaka mbwa ameweka! Walitaka nini tena?"

"Mwalimu ameandika hapa chini. 'Umeona mengi. Unafikiri nini? Hoja yako iko wapi? Njoo ofisini tuzungumze.'"

"Ulienda?" akauliza Léocadie.

"Sikwenda."

"Juu ya nini?"

"Mama Léocadie, nimefanya kazi kampuni nne. Mtu akikuita ofisini, barua ya kukufukuza ameshaichapa. Anachotaka ni uipokee ukiwa umesimama."

Hilo lilitufanya sote tutikise vichwa. Hakuna aliyewahi kuitwa ofisini katika nchi hii akarudi na habari njema. Ignace aliwahi kuitwa kuhusu makaratasi yake, na mpaka leo akiona kiti cha ofisini chenye magurudumu hukohoa.

"Na Eva?" nikauliza. "Si angekusaidia?"

Kamanda akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Tangu siku ya kwanza anakaa nyuma, upande wa pili wa ukumbi."

"Ulimfanyia nini?"

"Sikumfanyia kitu. Nilifika mapema, nikakaa kiti cha mbele, mlangoni, kwa ajili ya hewa. Wanafunzi walipoanza kuingia, mmoja akanionyesha kitambulisho. Wa nyuma yake naye akanionyesha. Ikawa foleni."

"Ukawaambia wewe ni mwanafunzi?"

"Ningewaambia, lakini walikuwa wameshajipanga vizuri. Nikawakagua. Kulikuwa na mmoja kitambulisho chake kimepita muda, nikamrudisha."

"Akarudi?"

"Alirudi na kipya. Alinishukuru. Mwalimu pia alinishukuru."

"Na Eva alikuwa kwenye foleni?"

"Alikuwepo. Alinionyesha kitambulisho. Siku hizi tukipishana chuoni ananiamkia kama wengine wote. 'Sawubona, malume.'"

Malume kwa Kizulu ni mjomba. Léocadie akaacha kukanda.

"Mutoto bibi yako alikuzalia anakuita mjomba?"

"Kwa heshima lakini," akasema Kamanda.

Hapo Muhammad akasimama. Muhammad akisimama, ujue amepata wazo, na sisi hushika vikombe vyetu.

"Sikizeni. Tatizo la Kamanda ni hoja. Hoja hana, lakini simu anayo. Kuna akili mnemba. Unaiandikia swali, inakupa insha nzima kabla chai haijapoa. Na hoja ndani yake."

"Huyu Mnemba amesoma wapi?" akauliza Ignace.

"Hajasoma popote. Amesoma kila kitu."

"Kwao wapi?"

"Hana kwao."

"Ana makaratasi?"

"Hana. Na anafanya kazi usiku na mchana, halalamiki."

"Bon," akasema Ignace. "Kumbe ni mwenzetu."

Insha ya pili ilikuwa inauliza jinsi simu ilivyobadilisha maisha ya familia yako. Muhammad aliandika swali, akabonyeza, insha ikashuka kama maji. Kamanda akaanza kuisoma, mara akarudisha simu.

"Mbona humalizi?" nikamuuliza.

"Ni Kiingereza safi mno, Redio. Naogopa kukichafua."

Akaituma vilevile ilivyokuwa. Tukapongezana. Léocadie peke yake ndiye aliyekataa kupongezwa.

Likapita juma, likapita jingine. Siku moja Kamanda akaja kijiweni na sare yake ya kazi, shati limechomekwa, kofia mkononi. Kwa kawaida hubadilisha nguo kwanza. Akakaa bila kusalimia.

"Nimeitwa ofisini," akasema. "Safari hii si ombi."

Muhammad akachukua simu ya Kamanda, akaisoma barua pepe iliyomwita kimyakimya huku midomo ikimcheza. Halafu akaniachia mimi nisome kwa sauti, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwalimu, mama mmoja aitwaye Daktari Tumu, alitaka Kamanda afike kueleza kama insha ni yake. Alimkumbusha kwamba kosa la namna hiyo linaweza kumtoa mtu chuoni. Akanukuu sentensi ya kwanza ya insha yenyewe:

"'Kama msichana niliyekua na simu mkononi, mara nyingi mama yangu hunikataza kutoka na marafiki zangu.'"

Basi la mjini lilipita, na sote tukalitazama mpaka likaisha.

"Msichana," akasema Ignace.

"Haikuuliza," Muhammad alijitetea. "Ati mimi ningejuaje? Haikuuliza umri, haikuuliza ndevu."

"Na hukusoma?" Léocadie akamuuliza Kamanda.

"Nilisoma 'Kama', nikaona imeanza vizuri."

Tukaitisha kikao. Kamanda alikuwa amehatarisha nafasi ambayo ameisubiri tangu alipoacha shule Morogoro akiwa kijana, baba yake alipougua na shamba likahitaji mtu. Hili hakulisema siku hiyo. Alikwisha kunisimulia zamani, tukiwa wawili, na siku hiyo nililiona usoni mwake. Hata mzaha wetu ulikuwa unatoka kwa shida.

"Sema uliandika kwa niaba ya Eva," akapendekeza Ignace. "Baba anaweza kumsemea mtoto."

"Na Eva naye atasema aliandika kwa niaba ya nani?" nikauliza.

"Sema simu iliibwa," akasema Muhammad. "Mwizi akaandika insha."

"Mwizi msichana?"

"Siku hizi wapo."

"Sema ukweli," akasema Léocadie.

Tukamtazama kama mtu aliyependekeza tuache kula.

"Ukweli upi, Mama?" akauliza Ignace.

"Kwani iko mingapi?"

Kabla hajajibiwa, Kamanda aliinua kichwa akatazama ng'ambo ya barabara. Eva alikuwa anavuka. Hajawahi kufika kijiweni hata siku moja. Ni msichana mrefu kama baba yake, na Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anajibu Kiingereza au Kizulu, na akikasirika anachanganya. Siku hiyo alikuja amekasirika.

Akasimama mbele ya meza. Alimwambia baba yake, kwa Kiingereza, kwamba darasa zima linajua, kwa kuwa aliyekaa nyuma yake aliisoma barua ile begani kwake. Kwamba wanamcheka mzee aliyejiita msichana. Kwamba atafukuzwa.

"Wanamcheka malume wao," akasema Kamanda polepole. "Wewe inakuhusu nini? Mimi si mjomba wa chuo kizima?"

Muhammad akaanza kukagua betri ambayo ilikuwa nzima.

Eva akamjibu kwa Kiswahili, kile chake cha kupapasa gizani.

"Mimi naona haya, Baba."

"Najua. Ni sare yangu."

"Hapana! Si ya wewe. Ya mimi." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Wewe nafanya kazi usiku, nakuja darasa, nakaa mbele, naandika yote. Mimi nalala sana, nakaa nyuma, nakuona wewe naandika. Insha ya kwanza mimi napata thelathini na tano."

Ignace, ambaye hesabu ndiyo kazi yake, alikuwa wa kwanza kulinganisha.

"Thelathini na tano? Kamanda, ulimshinda!"

Kamanda alijitahidi kuhuzunika. Ilimchukua muda kuupata uso unaofaa.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza binti yake.

"Wewe pia hapana kuniambia."

"Mwalimu alikuita ofisini?"

"Eish, Baba. Aliniita. Naogopa, siendi."

"Mnaona," akasema Ignace. "Ni ya damu."

Léocadie akatoa kikombe kingine, akamimina chai, akaweka andazi juu ya karatasi na kumsukumia Eva.

"Kula kwanza. Kisha muende wote wawili. Wewe utashika mukono ya papa yako, yeye atashika ya kwako, na mutamwambia ule mwalimu kweli. Akiwafukuza, mutakuja hapa. Ile siku chai ni bure."

Hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia Léocadie akilitamka neno bure. Hapo ndipo tulipojua jambo lenyewe ni zito.

Walikwenda Jumatatu. Sisi tulikaa kijiweni tukizungumzia mpira bila kukumbuka nani anacheza. Walirudi wakiwa wamechoka, Kamanda mbele, Eva nyuma yake na begi la baba yake begani.

"Haya?" akasema Muhammad.

"Sifuri," akasema Kamanda, akakaa.

"Wamekufukuza?"

"Hawakunifukuza. Insha ile imepata sifuri, na nimepewa onyo la maandishi. Nikirudia, natoka. Na sasa ni lazima nifaulu mtihani wa mwisho wa mwaka, hakuna pa kujificha."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia insha iliandikwa na simu, mimi nilitia jina. Akaniuliza kama niliisoma. Nikasema hapana. Akafunga macho, nikadhani anaomba. Kumbe anacheka."

"Akacheka tu?"

"Akafungua ile insha yangu ya kwanza. Akaniuliza, 'Huyu aliyekwenda kwa shangazi yake, kwa nini ulimsimamisha?' Nikamwambia alikuwa anatembea kwa miguu. 'Na wenye magari?' Nikasema wenye magari nawafungulia, wanapunga mkono. 'Kwa nini?' Nikasema ni utaratibu. 'Aliuweka nani?' Nikasema nimeukuta. 'Na mwizi wa mwisho kuingia hapo alikuja kwa miguu?'"

"Kumbe alikujaje?" akauliza Ignace.

"Kwa gari. Nzuri. Nilimfungulia mwenyewe. Alinipungia."

Léocadie akaguna.

"Nikaanza kuyahesabu magari niliyoyafungulia," Kamanda akaendelea. "Mwalimu akasema, 'Hicho kinachokusumbua sasa hivi, ndiyo hoja. Kaandike hicho.' Miaka yote nimesimama pale, aisee. Sikuwahi kujiuliza."

"Na Eva?"

"Eva aliulizwa kwa nini anakaa nyuma. Alisema ni ili asionekane. Mwalimu akamwambia, 'Kutoka mbele naona viti vya nyuma tu.'"

Eva alicheka akiwa na andazi mdomoni.

"Lakini iliyonishangaza," akasema Kamanda, "ni kwamba yule mama anakaa ofisini kila wiki kungoja wanafunzi wenye shida. Imebandikwa mlangoni, saa na siku. Hakuna anayekwenda. Ukumbi wote ule unafeli, naye yuko pale na viti vitupu. Nilimhurumia. Najua kazi hiyo ya kukaa unatazama mlango."

Kuanzia hapo wakawa wanakwenda kila wiki, mwanzoni kwa huruma, baadaye kwa mazoea. Eva alihama kiti, akaenda kukaa katikati ya ukumbi. Kamanda naye akahama mlangoni, akarudi nyuma kidogo. Walikutana, kwa maelezo ya Kamanda, karibu na dirisha.

Kijiwe ndicho kilichoumia. Baridi iliingia, tukasogeza makreti karibu na jiko la Léocadie, na Kamanda akaanza kuuliza kwa nini. Zamani ungeweza kusema jambo kijiweni na watu wakapinga kwa kelele tu, kila mtu akaenda zake na imani yake. Sasa huwezi.

"Watu wa Rosettenville wanajidai sana," Ignace angesema, kujifurahisha tu.

"Una ushahidi gani?" Kamanda angeuliza.

"Nina mteja wa kule."

"Mmoja?"

"Lakini suruali sita."

"Suruali si watu, Sentimita. Hoja yako haijasimama."

Eva naye angeandika, na kurekebisha, na kumsomea baba yake, na baba angemsomea yake. Walikuwa wakali kuliko mwalimu. Siku moja walibishana juu ya neno moja mpaka mteja wa chai akaondoka bila kunywa. Léocadie aliwatazama na kusema kwamba wale wawili angalau sasa wanasemeshana. Mkewe Kamanda alimpigia simu Léocadie kulalamika kwamba nyumbani kwao, mtaa wa Berea, hakuna tena mazungumzo, kuna utangulizi, kiini na hitimisho.

Kamanda aliomba pia kampuni ibadilishe zamu, alale walau usiku kadhaa. Bosi alikataa mara mbili. Mara ya tatu Kamanda alimwandikia barua. Alituonyesha. Haikuwa na mbwa hata mmoja, ilikuwa na sababu, na kila sababu ilifuatwa na mfano. Bosi alikubali. Kamanda alisema ndiyo insha ya kwanza aliyofaulu, ingawa haikuwa ya chuo.

Mtihani ukafika Novemba. Kuhusu mtihani tulisimuliwa na Eva, kwa sababu Kamanda hapendi kuusimulia. Anasema macho yake yanaingiwa na vumbi.

Walifika mlangoni mwa ukumbi wa mtihani pamoja. Kamanda alikuwa amevaa suti aliyoshonewa na Ignace, ya kijivu, ambayo kwa bahati mbaya ilikaribia rangi ya sare za walinzi wa chuo. Msimamizi akampa Eva namba ya kiti. Kamanda alipewa funguo.

"Funguo za nini?" Muhammad akauliza.

"Za mlango wa nyuma," akasema Eva. "Anasema, 'Malume, fungua kule, watu wengi.'"

"Na akazipokea?"

"Baba anapokea! Anaanza kwenda!"

Wanafunzi wote waliokuwa kwenye foleni waliona. Wale walioicheka insha ya msichana walikuwepo. Eva aliziondoa zile funguo mkononi mwa baba yake, akamrudishia msimamizi. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo hata walioko nje waliisikia: "Huyu si mlinzi wako. Huyu ni baba yangu, na amekuja kufanya mtihani."

"Wakasemaje?" nikauliza.

"Msichana mmoja kwa nyuma nasema, 'Sawubona, Baba.' Halafu mwingine. Foleni nzima."

Kamanda, aliyekuwa amekaa hapohapo, alisema upepo wa Yeoville una vumbi sana mwezi huu. Hakukuwa na upepo.

Matokeo yalitoka Desemba. Eva aliyafungua kwenye simu ya Muhammad, kwa kuwa Kamanda alitaka kijiwe kishuhudie na Muhammad alitaka kusafishwa jina. Eva alisoma yake kwanza. Masomo yote amepita. Akasoma ya baba yake. Hesabu za takwimu amepita chupuchupu, mengine vizuri, na sosholojia ana sitini na moja.

"Na wewe sosholojia?" Kamanda akamuuliza.

"Sitini na nane."

"Umenishinda."

"Samahani, Baba."

"Usirudie tena neno hilo," akasema Kamanda, na akamkumbatia mbele ya watu wote, kitu ambacho watu wa Morogoro wa umri wake hawakifanyi barabarani.

Halafu kelele zikaanza. Muhammad alipiga sahani. Léocadie aliimba wimbo wa kanisani, beti zote. Ignace alizungusha utepe wake hewani.

"Tumefaulu!" akapaza sauti. "Nani alisema hatufiki mwaka wa pili? Tumefika!"

"Tumefika nani?" akauliza Eva.

"Sisi! Nani alishona suti? Nani alitoa hoja ya Rosettenville? Huyu mtu tumemsomesha hapa, kwa midomo yetu."

"Mimi nilimpa somo kubwa kuliko yote," akasema Muhammad. "Kupitia makosa."

"Mimi nilisikiliza," nikasema, maana na mimi nilitaka sehemu yangu.

"Kijiwe chote kiko mwaka wa pili," Ignace akatangaza kwa wapita njia. "Chote!"

Kamanda alitusikiliza kwa makini, kama anavyomsikiliza mgeni getini.

"Mnasema kweli," akasema. "Peke yangu nisingeweza. Na nimefurahi mmelisema wenyewe, maana mwaka wa pili kusoma ni kwa vikundi."

Akavuta begi, akatoa vitabu alivyoazima maktaba kwa ajili ya likizo. Vilikuwa vinene. Akavipanga mezani kati ya vikombe, kimoja mbele ya kila mtu.

"Gawaneni. Kila mmoja asome chake, mwezi ujao tukutane kila mtu aeleze hoja ya mwandishi, na kwa nini anaipinga."

Ignace alikumbuka bibi harusi anayemsubiri apimwe kiuno. Muhammad alisema kuna simu ameiacha ndani ya mchele tangu jana na huenda imeiva. Mimi nilikumbuka kwamba nimeacha jiko la umeme linawaka, ingawa mtaa wetu umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Tulitawanyika kama watu walioona gari la polisi.

Nilifika kwenye roboti, zile taa za barabarani zilizo hatua chache tu kutoka kijiweni, na wakati nasubiri taa inibadilikie nikageuka nyuma. Makreti yalikuwa matupu. Kati yetu sisi amebaki Léocadie tu, kwa sababu pale ni kwake. Alikuwa amejifuta unga kwenye kanga, ameshika kitabu chembamba kuliko vyote, anakigeuza mbele na nyuma.

"Hiki kinasema nini?" akamuuliza Kamanda.

"Sijakisoma, Mama."

"Basi kaa. Eva, na wewe kaa." Akarudi kwenye unga wake. "Musome kwa sauti, na musiruke. Miye nakanda, lakini nasikia."